Fundi miwani aliyesugua kioo miezi saba, kumbe bovu lilikuwa jicho

Saa tatu asubuhi, siku ya mapumziko. Katika stoo ya nyuma ya nyumba, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anazunguka pipa lililojazwa mchanga. Juu ya pipa kuna kigae kilichopakwa lami, na juu ya lami kuna kioo kizito cha duara, upana wake kama sahani ya chakula. Poda nyekundu ya kulainishia kioo, iliyochanganywa na maji, inamtiririka mpaka kwenye viwiko. Anasukuma, anavuta, anapiga hatua moja pembeni, anasukuma tena.

Hatazami anachofanya. Anasikiliza.

“Kikikwaruza, nasimama,” anasema. “Kikinyamaza, naendelea.”

Katika duka la miwani anakofanya kazi wanamwita Mama Lenzi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akikata na kulainisha lenzi za miwani ya watu, kwa mshahara unaotosha kodi, chakula na ada ya binti yake wa mwisho, basi. Kioo cha darubini cha ukubwa huu, ukikinunua, ni mshahara wake wa miezi minne. Ndiyo maana alijitengenezea.

Darubini yenyewe ni bomba la plastiki la maji machafu, limepakwa rangi nyeusi kwa ndani. Leo limeegemezwa ukutani bila kioo, limefunikwa shuka kuukuu. Kwa miaka kumi na moja alilitumia juu ya paa kupiga picha za nyota. Alilenga kwa jicho la kulia, akachomeka kamera mahali pa jicho, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka alfajiri. Ana picha elfu nne na ushei. Moja, ya wingu jekundu la gesi, imetundikwa sebuleni, na ilimgharimu usiku thelathini na nne.

“Mke wangu ana mume mwingine juu ya paa,” anatania mumewe, fundi baiskeli. “Na yule hakoromi.”

Mwaka jana, Mama Lenzi alianza kuona duara la rangi likiizunguka kila nyota yenye mwanga mkali. Fundi hodari ana ugonjwa wake: kitu kikienda kombo, hukimbilia kuilaumu kazi ya mikono yake. Akasema kioo kimeharibika. Akakitoa, akakivua utando wake unaong’aa, akaanza kukisugua upya.

Binti yake ndiye aliyeuliza swali ambalo lingeweza kumwokoa: “Mama, mbona kwenye picha hilo duara halipo?”

“Nikamwambia kamera yetu ni ya bei rahisi, haioni vizuri,” anasema Mama Lenzi. Anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka.

Alisugua miezi saba. Mara tatu alikirudisha kioo kwenye bomba, na mara tatu duara likawa palepale. Kichwa kilipomuuma usiku, alilaumu harufu ya lami.

Halafu mchana mmoja, dukani, alishindwa kuiona skrubu ya miwani iliyokuwa mbele yake, upande wa kulia wa meza. Mfanyakazi mwenzake akamshika mkono, akampeleka chumba cha pili penye mashine ya kupima presha ya macho. Ni hatua kumi na mbili kutoka kwenye benchi lake. Mashine ilisoma arobaini na moja. Kawaida haizidi ishirini na moja.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini huyu alikuwa na wembe na kioo chumba cha jirani.

Daktari hakumzungusha. Duara lile lilikuwa dalili ya jicho lililojaa presha, na kwa macho kama yake, kukaa gizani kwa saa nyingi kulikuwa kukiipandisha zaidi. Jicho la kulia lilikuwa limeshapotea. La kushoto limebaki likiona katikati tu.

“Akaniuliza nilianza lini kuona duara. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akaniangalia,” anasimulia. “Sitakudanganya eti nimekubali. Nina uchungu. Mimi ndiye ninayewaambia wateja wasicheleweshe macho.”

Na kioo, ambacho hakikuwa na kasoro yoyote, sasa kinayo. Kusugua kule kumeharibu ukingo wake.

Jicho la kushoto limetibiwa kwa mwanga wa leza, na ameruhusiwa kukaa gizani tena. Litadumu muda gani, daktari hakuahidi. Dukani amehamishiwa mapokezi, mshahara umepungua kwa theluthi moja.

Kusugua bado anaweza, kwa mikono na masikio. Kupima hawezi, kwa kuwa jicho linaloona katikati tu haliushiki ukingo. Lazima mtu akae mita mbili na nusu mbele ya kioo, akimulike kwa tochi yenye tundu dogo la sindano, aukate mwanga unaorudi kwa wembe, kisha asome kivuli kinachotokea juu ya kioo, ambacho huonyesha pasipo sawa. Kazi hiyo ameachiwa mumewe, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kupanda paani.

“Unaona nini?” anauliza mkewe.

“Naona kivuli.”

“Kivuli cha namna gani, baba watoto? Hata kuku ana kivuli.”

“Pembeni ni cheusi zaidi.”

“Pembeni wapi?”

“Kote, kuzunguka. Usinikaripie, mimi nimezoea minyororo.”

Mama Lenzi anashusha pumzi. Ukingo bado. Anakibeba kioo kwa mikono miwili na kukirudisha kwenye pipa.

Anataka kiwe tayari kabla ya mwezi wa kumi, wakati Zohali, sayari yenye pete, itakapokuwa juu angani tangu jioni. Anapoulizwa atapiga picha ya namna gani, anajifuta poda viwikoni kwanza.

“Sipigi picha,” anasema. “Miaka yote nilikuwa nalenga, nachomeka kamera, naenda kukaa. Zile pete nazijua kwa picha zangu mwenyewe. Ukijumlisha muda niliozitazama kwa jicho langu, saa moja haifiki. Sasa nataka kutazama mpaka nichoke.”

Mumewe, wembe ungali mkononi, anauliza kama na yeye ataonjeshwa kidogo.

“Wewe una macho mawili,” anamjibu, akianza kusukuma. “Utangoja.”