Viatu Mlangoni kwa Bibi

Jumatano, mwezi wa saba. Mlima umejifunika ukungu tangu asubuhi, na hapa Kikatiti manyunyu hayajakata.

Mwanangu Anyesi, mjukuu wangu, keshokutwa unapanda ndege kwenda kutembea Japani na wenzako wa chuo. Jana nilikusikia ukijizoeza kujitambulisha: "Mimi natokea Njiro." Huko Njiro, Arusha mjini, umekaa miaka miwili tu, kwa shangazi yako. Sikukukatiza. Mimi wa darasa la saba nikisema huwa napotea njiani, ndiyo maana naandika.

Kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia neno Japani. Nilikuwa na umri wako. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni kwenye maporomoko ya maji huko juu, kisha kuwaleta kula chakula kwa bibi yangu. Siku hiyo mgeni alikuwa mzee wa Kijapani mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alisimama kila hatua, mara kwenye uyoga, mara kumtazama mbega. Mimi nilikuwa na haraka. Kwa haki niseme, msitu siku ile aliuona yeye.

Tulipofika mlangoni akavua viatu. Sakafu ilikuwa ya udongo, nikaona aibu.

"Usivue, babu. Hii ni nyumba ya udongo tu."

Nikatoa mkate na mayai niliyonunua, ili asikione chungu cha loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando.

Bibi akaniangalia. "Mgeni ameiheshimu nyumba yangu, wewe unamwambia haistahili. Ulizaliwa wapi wewe, hotelini?"

"Bibi, nilidhani..."

"Kama inakuaibisha, kuanzia kesho wageni wako wapeleke kwingine."

Nikauweka mkate kando. Bila mlango ule sikuwa na kazi.

Yule mzee alielewa. Akaketi na soksi zake, akaomba loshoro. "Kwetu kuna maharage," akasema, "tunayavundika mpaka yananuka. Wageni wanakimbia. Mama yangu anawacheka."

Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Mpe bakuli kubwa. Huyu ni mtu wa kwetu."

Sitatia chumvi: alikula nusu, uchachu ukamshinda. Lakini aliinamisha kichwa kushukuru, Bibi naye akainamisha chake. Mkate wangu walikula kuku. Jioni nilimwomba Bibi msamaha, na mlango haukufungwa.

Basi, mwanangu, ninachokuusia ni hiki. Wanapovua viatu, vua. Samaki wao mbichi unaowaogopa, onja. Ukishindwa, shindwa kwa adabu. Milima yao na misitu yao itazame bila haraka, usinifuate mimi. Na wakikuuliza kwenu ni wapi, sema Kikatiti, chini ya Mlima Meru. Wasipopajua, waeleze, ndiyo mazungumzo yenyewe hayo. Njiro ni pazuri, sina ugomvi napo, ila wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa. Labda nimekuhukumu kwa neno moja. Kama ni hivyo, nisamehe, lakini usia wangu ushike.

Mungu akutangulie angani na akupokee huko chini. Kila mlango utakaoinamia ukufungukie, na huu wetu ukukute ukirudi mzima.

Karatasi hii nitaitia kwenye begi lako. Jioni tumekula loshoro. Umekula nusu bakuli, ukashukuru. Inatosha.