Mwanamume wa Dirishani

Mji wetu una barabara moja tu, na maduka yake yametazamana kama mawifi walionuniana. Wageni huja Jumamosi kununua asali, vikapu na, kwa mama mdogo wangu fundi cherehani, makoti. Mimi ndiye mshona vifungo wake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Siri ya duka ilikuwa mumewe, baba mdogo. Alipostaafu alishinda jikoni akifunua sufuria na kukosoa mboga, mpaka mkewe akachoka, akamvika koti, akamsimamisha dirishani na kumwambia asitikisike. Kumbe mzee ana kipaji! Mgeni akibandika pua kwenye kioo kukagua mshono, mzee anamkonyeza. Mgeni anaruka, wenzake wanacheka hadi machozi, na kwa aibu anaingia dukani. Akishaingia kwa mama mdogo, hatoki mikono mitupu.

Basi mzee akavimba kichwa. Akataka chai kila mara, akatangaza kwamba watu wanakuja kumwona yeye, si makoti. Mama mdogo, ambaye mdomo wake hauna breki, akamjibu kuwa hata gogo likivikwa koti litauza. Akaagiza sanamu la plastiki, jembamba, lisilo na kitambi. Baba mdogo akavua koti, akalikunja vizuri mno, akavuka barabara hadi kwa mwoka mikate. Nilimwonea huruma. Tangu astaafu, ni pale dirishani tu watu walipomtazama.

Jumamosi sanamu likasimama, na wageni wakapita. Walilitupia jicho, wakaenda zao kwenye vikapu. Makoti ya msimu mzima yananing'inia, na mama mdogo anashona palepale alipokwisha kushona. Ng'ambo, mzee anakunywa chai na kuwakonyeza wageni bure. Nikamshauri mama mdogo akamwite. Alivyonitazama, nikarudi kwenye vifungo vyangu. Mwanamke yule hajawahi kumwomba mumewe hata chumvi.

Mchana akainuka, akavuka, mtaa mzima ukitazama. Nami nikamfuata, eti nanunua mkate.

"Lile dude nimelifungia stoo," akasema. "Linanitisha."

"Na mimi sikutishi?"

"Wewe unaniudhi. Nimekuzoea." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Rudi, mzee wangu. Duka limepoa bila wewe."

Mzee akajibu kwamba atarudi akimaliza chai. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mama mdogo akavuta kiti, akakaa, akamsubiri.