Mbangi Dume wa Phikun

Kila asubuhi jirani hugeuza majani ya mibangi yake kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Phikun humchungulia uani, roho ikimuuma. Mibangi ya jirani ni mifupi, na harufu yake imejaa kichochoro kizima. Wake ni mmoja tu, ila umepita paa.

Mwezi jana jirani aliubonyeza vijifuko. "Huu dume, dada. Ung'oe leo, chavua yake itaniharibia maua."

"Wivu huo! Umeona wangu umekupita!" Phikun akamfukuza.

Leo jirani amerudi na kikapu cha kuwekea wali wa kunata. Ndani mna maua yake, yamejaa mbegu, hayafai tena.

"Pokea, dada," anasema polepole. "Wajukuu zako hawa."