Tangazo la Baba

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuandika vifo vya watu. Nilikaa kwenye meza ya matangazo ya redio moja mjini Arua, dirisha likitazama kituo cha bodaboda, na watu walikuja na vikaratasi vyao, wengine machozi hayajakauka. Niliwauliza maswali, nikaandika, na saa ya matangazo ikifika nikayasoma mwenyewe yale ya Kiswahili. Nilijiona fundi. Na nisijishushe bure, nilikuwa fundi kweli.

Tangazo la kifo kwetu si la maneno mawili. Marehemu anatajwa kwa jina lake na la baba yake, ukoo wake, kikosi chake kama alikuwa askari, wake zake, kisha watoto mmoja mmoja na mahali kila mmoja anapoishi. Hapo kwenye mahali ndipo penye uzito. Mtu wa Manibe asiyeweza kufika msibani Koboko humtafuta mtoto wa marehemu aliye karibu naye, akaketi naye mkekani, akampa pole, na anahesabiwa amezika. Kwa hiyo nilikuwa nawabana watu. Anaishi wapi hasa? Kabla ya kanisa au baada? Asiyejua nilimrudisha nyumbani akaulize.

Na mtoto haachwi. Mara moja nilimruka mtoto wa marehemu mmoja kwa haraka zangu. Kesho yake alikuja ofisini, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza mbele ya wenzangu ni nani aliyeniambia kwamba yeye si wa baba yake. Tangu siku hiyo nilihesabu watoto kwa vidole kabla ya kusoma.

Baba yetu alifariki Koboko, alfajiri ya Jumatano. Babu yake aliletwa huku na jeshi kutoka Sudan, yeye mwenyewe alistaafu jeshini, na nyumba yetu yote iliendeshwa kwa saa yake ya mkononi. Kwa Waislamu maziko hayangoji. Niliandika tangazo lake Arua nikiwa nimesimama, gari likinisubiri nje, na niliandika vizuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Watoto sita. Nilihesabu kwa vidole.

Wa nne kati yao ni dada yangu. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemtoroka mumewe, mfanyabiashara wa mpakani, aliyemvunja mkono. Mara mbili wazee walimrudisha kwake kwa maneno matamu. Mara ya tatu hakwenda Koboko kwa wazazi wala hakuja Arua kwangu. Alikwenda Ajia, akakodi nyumba na shamba kwa mama mmoja mjane, Mkristo, ambaye hakumuuliza maswali mengi, akalima karanga na mihogo. Mume alikuja kunitafuta kazini. Nilimtazama usoni nikamwambia sijui aliko, na jioni ile nilikula chakula changu kwa raha.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi huyohuyo. Niliandika: binti yake wa pili, anayeishi Ajia, baada ya mashine ya kusaga mihogo, nyumba yenye mlango wa bluu. Sitasema kwamba sikumfikiria yule mume. Nilimfikiria kwa muda wa kuvuta pumzi. Alikuwa ng'ambo, Sudan Kusini, kwenye biashara zake, na redio yetu haifiki huko. Tena redio ikishasema imesema, nani atakumbuka mlango wa bluu? Na watu wa Ajia wangempaje pole dada yangu kama hawaijui nyumba? Kumwacha nje niliona ni kumkana.

Nilichosahau ni ukurasa. Redio yetu ilikuwa na ukurasa kwenye mtandao, na kila tangazo tulilobandika huko lilisomwa na watu wetu wa Kampala na wa nchi za mbali. Nilibandika la baba kwa mkono wangu, neno kwa neno, pamoja na picha yake akiwa na sare, nikaunganisha na majina ya ndugu zangu ili jamaa wote walione. Tulipokuwa makaburini pole zilikuwa zinamiminika. Dada alikuja kuzika, akakaa ndani na wanawake, akarudi Ajia siku ya nne. Alikuta majirani wamejaa uani kumpa pole, na nilipopata habari hiyo niliona kazi yangu imekwenda sawasawa.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, alinipigia simu.

"Kaka, ule mutu iko hapa," alisema polepole. "Iko nakaa kwa kiti. Ye nasoma tangazo ya baba kwa simu."

Nilimuuliza kama amempiga. Hapana. Alipopiga tena baadaye alinisimulia yote: mume alikuwa ameshuka kwenye bodaboda kama mgeni yeyote, akamsalimu mwenye nyumba, akaomba maji ya kunywa, akayanywa. Kisha akalisoma tangazo lote kwa sauti, kutoka jina la baba mpaka mlango wa bluu, na alipomaliza akamwambia mke wake:

"Kaka yako naandika muzuri. Hata mutoto nafika."

Akasema Ijumaa atarudi na wazee kumchukua, akaondoka. Hakuwa na haraka tena. Haraka ya nini, na ramani anayo mfukoni?

Nilifika Ajia mchana ule na gari la rafiki. Tulipakia godoro, sufuria, gunia la mbegu na mabegi mawili. Karanga zilikuwa zimebakiza wiki mbili kung'olewa. Dada alisimama ukingoni mwa shamba, akang'oa shina moja, akabonyeza maganda kwa kidole, yalikuwa bado laini. Akalirudisha ardhini akalishindilia udongo kwa mguu, ingawa anajua kulima kuliko mimi na alijua halitashika. Mwenye shamba alilia. Dada hakulia.

Ndani ya gari hakunigombeza. Ningefurahi kama angenitukana, ningepata la kujibu. Tulipofika lami ndipo aliposema, akitazama mbele:

"Ile nyumba ilikuwa yangu, kaka. Mbona hukuuliza mimi?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mimi niliyekuwa nawauliza watu kanisa liko upande gani, yeye sikumuuliza hata kama anapenda kutajwa. Nilimchukulia kuwa ni sehemu ya tangazo la baba, kama kikosi chake.

Nililifuta usiku uleule. Kufuta kwenyewe kulichukua muda wa kufumba jicho, nikadhani nimemaliza. Kumbe watu walikuwa wameshalichukua wakaliweka kwenye kurasa zao, wengine wamelipiga picha wakalituma kwenye makundi ya ukoo. Kwa siku kadhaa kazi yangu ikawa kuwapigia jamaa simu na kuwabembeleza. Wengi walifuta. Baba mdogo mmoja aliyeko Kampala alikataa katakata. Aliniuliza ni mtoto wa namna gani anayefuta kifo cha baba yake, akasema yeye hulisoma kila baada ya sala ya asubuhi. Nilishindwa kumkasirikia. Nilimwomba akate mstari mmoja tu, na yeye akasema hajui kukata, macho yake yenyewe hayaoni vizuri. Mpaka leo sijui kama lipo.

Arobaini ya baba ilipokaribia, ilibidi niandike tangazo la kisomo. Hilo nalo lina watoto na mahali wanapoishi. Nilipanda gari mpaka Koboko nikaketi na mama yetu barazani, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, bila kujipunguzia kosa. Mama hajui mambo ya kurasa, ila anajua mambo ya wanaume wanaovunja mikono. Nilimwambia kwamba nikimtaja dada, hata jina tu, jamaa wataanza kuulizana chini ya tangazo, pale ukurasani, yuko wapi siku hizi, na mwenye kujua atajibu kwa nia njema kabisa. Nikimwacha, watu watasikia kwamba baba alikuwa na watoto watano.

Mama aliendelea kuchambua mchele kwenye sinia. Nilidhani atalia.

"We soma watano," alisema. "Mimi iko na hesabu yangu."

Siku ya tangazo nilikaa mbele ya maikrofoni na karatasi yangu. Nilihesabu kwa vidole kwa mazoea, nikafika cha sita, nikakikunja. Nilisoma watoto watano. Kabla sijatoka studio simu ziliingia, shangazi na watu wa msikiti, wakiuliza kwa upole kama nimechoka, maana nimemsahau mmoja. Niliwaambia ndiyo, nimechoka.

Dada alipiga mwisho, kutoka huko anakoishi sasa. Sitasema ni wapi, na nimemuuliza kabla ya kuandika hata haya.

"Nasikia," alisema. "Umesoma watano."

"Nimesoma watano."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akitwanga. Akasema asante, akaniambia karanga zimeanza kuota.