Wachoraji Walioambiwa Waimbe

Picha kumi na tisa zimefungiwa ndani ya stoo moja hapa Ipogolo kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kuimba. Ninaiandika sentensi hiyo kwa utulivu wa kujilazimisha, kwa kuwa kila ninapoitamka watu hucheka. Nao wana haki ya kucheka. Lakini picha zimo ndani, kufuli liko nje, mvua zimeanza, na bati la stoo hiyo linavuja.

Mwanamke mwenyewe ni Paskalina Kikoti, mwandika mabango. Ukiteremka kutoka mjini Iringa hadi barabara kuu, kinyozi wa kwanza utakayemkuta ana vichwa vilivyochorwa na Paskalina ukutani, na bucha inayofuata ina ng'ombe wake, anayetabasamu kupita hali yake inavyoruhusu. Ni mtu wa msimamo mgumu. Akiukosoa mchoro wako hutapumua mpaka uufute. Ukiukosoa wake, hutafuta miwani, huutazama kwa muda mrefu, kisha hukuuliza kwa upole kama umekunywa chai.

Miaka minne iliyopita alianzisha kikundi cha wachoraji chipukizi. Hakina mlezi wa heshima wala mwenyekiti wa kudumu. Wanaochora ndio wanaoamua. Huchora juu ya mbao za matenga ya nyanya yaliyovunjika, ambazo huziokota Ilula. Mwenye kujua humfundisha asiyejua, na asiyejua huosha brashi. Paskalina naye huosha, ingawa huosha vibaya makusudi ili asipangiwe tena.

Kosa alilifanya, na sitalificha. Fomu ya usajili iliuliza jina la kikundi. Yeye, kwa majivuno ya mtu aliyewahi kumiliki kamusi, akaandika "Wasanii wa Ipogolo". Angeandika "Wachoraji", nisingekuwa na hadithi. Maana katika kamusi msanii ni mtu wa kazi ya sanaa. Ofisini, msanii ni mtu wa kutumbuiza wageni. Na shambani, msanii ni tapeli.

Maana hiyo ya shambani alikutana nayo mwaka jana Ruaha Mbuyuni, alipokwenda kumwombea ruhusa Jackline, msichana wa miaka ishirini mwenye mkono ambao Paskalina mwenyewe huuonea wivu. Baba yake, Mzee Yotamu, analima vitunguu.

"Kamwene, Baba. Nimekuja kwa ajili ya Jackline. Tunataka awe msanii."

"Msanii?" Mzee akaachia gunia alilokuwa akilishona. "Wasanii tunao. Kila msimu wanakuja na malori, wanajaza lumbesa mpaka gunia linaota kichwa, halafu wanaliita gunia moja. Leo unamtaka na mwanangu?"

"Baba, mimi nasema kuchora."

"Si ndiyo hiyo hiyo! Wanatuchora kila mwaka."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni mzee alitoa mwaka mmoja. Upatikane ukuta ambao watu wenye akili zao watakubali kutundika picha za Jackline, naye azione kwa macho yake. Usipopatikana, msichana atarudi kwenye vitunguu.

Ukuta ulipatikana. Asukile, fundi wa fremu wa Mbeya anayeongoza kikundi kama hiki kule, aliwapa ukuta mzima kwa wiki ya Pasaka. Picha zilikuwa tayari, saba kati ya hizo za Jackline, zikisubiri safari katika stoo ambayo ofisi moja ya umma iliwaazima kwa barua yenye mhuri.

Ndipo alipokuja mgeni rasmi. Bwana Obeid, afisa wa ofisi hiyo, aliandika kwenye ratiba: "Saa nne kamili, wasanii watatumbuiza." Saa nne kasoro dakika tano akatokea anatweta.

"Mama, jipangeni mstari. Mgeni anashuka kwenye gari."

"Bwana Afisa, sisi tunachora. Aingie aone picha."

"Ataziona. Kwanza muimbe kidogo, beti mbili tu."

"Hatuimbi."

"Msanii asiyeimba ni msanii gani, mama?"

"Ni kama daktari wa meno asiyezalisha."

Mgeni alipita mbele ya watu wanane waliosimama kimya, akadhani ni msiba, akatoa pole, akaondoka. Mchana huohuo stoo ikafungwa, "mpaka mtakapojifunza ushirikiano".

Haki inanidai niseme jambo ambalo Bwana Obeid hakulijua. Paskalina hawezi kuimba. Liberatus, mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, alimwambia miaka mingi iliyopita, "Dada, wewe utatufaa zaidi kwenye madaftari," na tangu siku hiyo anayapanga. Kukataa kwake kulikuwa huruma kwa mgeni. Ofisi ilipaswa kumwandikia barua ya shukrani.

Kikundi kiliandika barua za kuomba stoo ifunguliwe, hazikujibiwa. Basi Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, kikundi kizima kilisimama chini ya dirisha la Bwana Obeid, Paskalina mbele.

"Mlitaka tuimbe," alisema. "Tumekuja."

Sauti iliyotoka sitaieleza. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alivua kofia. Jackline alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Mama Paskalina, nyamazeni! Watu wanafanya kazi humu!"

"Bado ubeti wa pili, Bwana Afisa. Ni wewe uliyesema mbili."

Akashuka, akasema ufunguo uko kwa mkuu wake. Mkuu wake akasema uko kwa Bwana Obeid. Jumatatu ya pili waliimba tena, na ufunguo ukabadilisha mifuko tena. Juzi Mzee Yotamu alipiga simu.

"Ukuta umepatikana?"

"Umepatikana, Baba," Jackline akajibu.

"Na picha ziko wapi?"

"Zimefungiwa kwenye stoo ya ofisi. Kila mmoja anasema ufunguo anao mwenzake."

"Nilikwambia, mwanangu. Huo ndio usanii."

Safari hii, hata Paskalina hakuweza kulikosoa neno la mzee.

Bwana Obeid, na wewe mkuu wake, sasa nasema nanyi. Stoo ni mali ya umma. Picha ni mali ya waliozichora. Kufuli ni lenu peke yenu. Hakuna sheria inayomlazimu mchoraji kuimba, na kama ipo, ibandikeni mlangoni tuisome. Basi la Mbeya linapita Ipogolo Ijumaa hii saa kumi na mbili asubuhi, na Mzee Yotamu atakuwa ndani yake. Picha zote kumi na tisa ziwe kituoni kabla yake, zikiwa kavu. Msituite kikao, msituundie kamati. Toeni ufunguo.