Gari la Taslimu

Mal-sun alirudi kutoka sokoni kwa basi, mfuko wa nyama ya papa mapajani. Nyama ya papa wa chumvi hunuka hata ukiifunga mara tatu, na msichana aliyeketi karibu naye aliinuka akaenda kusimama mlangoni. Mal-sun hakumlaumu. Mjini Daegu, Korea Kusini, hakuna anayemwandalia marehemu meza ya tambiko bila papa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba papa ananukia.

Nyumbani kwao, nje ya geti, kulikuwa na gari jeusi la Kijerumani lenye viti vya ngozi nyeupe. Lingeweza kumpeleka sokoni na kumrudisha. Lakini siku lilipoletwa, mumewe Sang-tae alimsimamisha kando yake na kumpa masharti.

"Hili likirudi kwa wenyewe linanuka, tutatozwa. Hakuna papa, hakuna kabichi ya kuvundika, hakuna mwavuli uliolowa. Umesikia, Mama Se-rin?"

Alisikia. Huo ulikuwa mwaka wa tatu anasikia.

Sang-tae alikuwa mkandarasi mdogo. Alirekebisha mabafu na kuziba mapaa yanayovuja, na mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo. Zamani alikuwa akienda kwa wateja na kigari chake cha mizigo cha buluu. Siku moja aliitwa kwenye majumba mapya ya ghorofa upande wa Suseong kuzungumzia kazi ya mapaa yote manane. Mlinzi akamwelekeza lango la nyuma, la wazoa taka. Alipofanikiwa kuingia, mwenzake mmoja, asiyejua hata kuchanganya lami, alikuwa ameshashuka kwenye gari jeusi mlango wa mbele, na mwenyekiti wa wakazi alikuwa anamshikia mlango. Kazi ilikwenda huko. Sang-tae alirudi nyumbani, na wiki hiyo hiyo akaenda kutafuta gari.

Kuendesha gari usilolinunua kuna njia mbili. Unaweza kulikodi, na hapo kibao cha namba kitakuwa na ile herufi ya magari ya kukodi, ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua. Au unaweza kuchukua mkataba: kampuni ya fedha inalinunua, wewe unalilipia kila mwezi miaka minne kisha unalirudisha, na kibao chake ni sawa na cha mtu mwenye mali yake. Njia ya pili ilikuwa ghali zaidi, hasa kwa mtu ambaye benki ilikuwa haimpendi. Sang-tae alichagua ya pili. Kwa herufi moja hiyo alikubali kulipa won milioni moja na laki tisa kila mwezi, na mwaka wa kwanza kazi zilikuja kweli. Baadaye zikapungua. Gari likabaki.

Waliishi katika nyumba ya baba yake. Walihamia humo mzee alipopooza upande mmoja, na Mal-sun ndiye aliyemgeuza, aliyemlisha na kumsafisha kwa miaka tisa. Wadogo wawili wa Sang-tae walikuwa mbali: Sang-yeol huko New Jersey, Mi-ryeong na mumewe Mjerumani, Dieter, huko Stuttgart. Walipiga simu siku za sikukuu, wakatuma vitamini. Mwaka wa mwisho mzee alimshika Mal-sun kifundo cha mkono kwa ule mkono uliokuwa bado na nguvu, akasema, "Nyumba hii ni yako, mkwe wangu. Nitawaambia." Hakuwaambia. Alikufa mwezi wa tano, na kisheria nyumba ikawa ya watoto watatu.

Sasa mwaka ulikuwa umetimia na wote wawili walikuwa wanakuja kwa matambiko. Wiki iliyotangulia Mi-ryeong alipiga simu.

"Wifi, mimi na Sang-yeol tumeongea. Kama ninyi hamna kitu kingine, sisi tutasaini, nyumba ibaki kwenu. Tutazungumza tukija."

Mal-sun aliliweka lile "kama" moyoni kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Asubuhi ile, kabla ya kwenda sokoni, alimwekea mumewe supu mbele na kuketi.

"Leo waambie. Kwamba kazi imelala. Kwamba gari si letu. Waambie mapema, kabla hawajauliza."

"Nitawaambia."

"Kweli?"

"Mama Se-rin, nimesema nitawaambia. Unataka niape kwa hii supu?"

Akacheka, naye Mal-sun akacheka. Kisha Sang-tae akaenda stesheni kuwapokea.

Walipofika, Mal-sun alikuwa amekaa sakafuni akikaanga mishikaki ya papa. Alisikia vicheko vyao kabla geti halijafunguliwa.

"Ni lenyewe kabisa!" Sang-yeol alikuwa anasema. "Langu ni hili hili, ila jeupe. Shemeji! Hujambo shemeji? Umekonda."

"Wewe umenenepa kwa niaba yangu," Mal-sun akamjibu, na Mi-ryeong akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Alimletea Mal-sun krimu ya mikono, maboksi matatu.

Alasiri ilipita hivyo. Jioni, jua lilipokuwa bado ukutani, meza ikapangwa mbele ya picha ya mzee: samaki, tende, peasi, figili, na papa mahali pake. Wanaume wakainama hadi sakafuni, Mi-ryeong naye akainama, suruali ikimbana. Pombe ya mchele ikamiminwa, mishumaa ikazimwa, na vyakula vile vile vikashushwa kwenye meza ndogo ili walio hai wale.

Walikuwa wameshakula nusu Mi-ryeong aliporudi kwenye habari ya gari.

"Sang-yeol, wewe lako unalipia ngapi kwa mwezi?"

"Dola mia saba na kitu. Na sikutanguliza hata senti. Niliingia pale na kikombe cha kahawa, nikatoka na ufunguo."

"Ghali! Sisi yuro mia tano na tisini, bima humo humo. Linapitia kazini kwa Dieter."

"Ninyi mnalitengeneza huko huko. Ni kama kununua kabichi shambani."

"Basi muulize dada yake Dieter, yuko Uswisi. Mia tisa! Alisaini huku analia, nakwambia."

"Hao wana pesa, waache walie." Sang-yeol akajitilia wali. "Lakini mnajua wapi wanachunwa ngozi? Hapa. Kuna mzee wa kanisani kwetu, mdogo wake yuko Busan. Gari hili hili, mkataba, analipa won milioni moja na laki nane. Kila mwezi! Na aliweka rundo la pesa mwanzoni."

Mi-ryeong akajipiga paja. "Mara mbili yetu! Hivi mtu mwenye akili zake anakubalije?"

"Mwenye akili hakubali. Huyo ni mshamba tu anayetaka aonekane."

Wakacheka wote wawili. Mal-sun alimtazama mumewe na kuona masikio yake yamekuwa mekundu, kuanzia chini kwenda juu.

"Kaka, na wewe je?" Mi-ryeong akauliza, bado anajifuta machozi ya kicheko. "Wewe unalipa ngapi?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Alichotakiwa kusema ni kwamba mshamba mwingine alikuwa ameketi hapa, wangemcheka mara moja, na nyumba ingekuwa yao. Mal-sun alishika kijiko hewani akingoja.

Sang-tae akafuta mdomo. "Mimi silipi kwa mwezi," akasema. "Nililinunua. Taslimu."

"Lote?"

"Lote. Sipendi kudaiwa."

Sang-yeol akapiga mluzi, akashika chupa kwa mikono miwili na kumjazia kaka yake. "Kumbe kaka una mambo! Na ulivyo kimya hivyo!"

"Jamani, afadhali," Mi-ryeong akasema, akashusha pumzi kweli kweli. "Mimi nilikuwa silali. Najiuliza, kaka na wifi watakula nini, watakwenda wapi. Sasa naweza kusema. Sang-yeol ana watoto wawili chuoni, na sisi paa letu tunadaiwa mpaka leo. Tukiuza hapa tukagawana sawa kwa sawa, hutaona vibaya, kaka?"

"Nione vibaya kwa nini?" Sang-tae alijibu kwa ile sauti yake ya kuongea na wateja.

"Si kweli," Mal-sun akasema.

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya ndugu zake, na wote watatu walimgeukia kana kwamba kabati limesema.

"Gari si letu. Ni la kampuni. Tunalilipia kila mwezi zaidi ya huyo wa Busan. Kazi hakuna. Hatuna kitu kingine, Mi-ryeong. Ni hii nyumba tu."

Sang-yeol akamtazama kaka yake. Sang-tae alicheka, kicheko kifupi.

"Anaogopa mtatukopa."

Hapo Sang-yeol aliinuka. Akavaa ndala za mpira za marehemu zilizokuwa bado kizingitini, akatoka getini. Walisikia hatua zake zikizunguka gari. Aliporudi uso wake ulikuwa wa huruma.

"Shemeji, kibao ni safi. Kaka katufundisha leo tukitoka stesheni, tena alikuwa anawacheka wenye magari hayo barabara nzima: gari lisilo mali ya anayeliendesha lina herufi yake. Lile halina."

"Hiyo ni ya magari ya kukodi. Letu ni la..." Mal-sun akaweka kijiko mezani. Aliona kwamba angeweza kueleza mpaka asubuhi na maneno yake yangebaki ya mke anayetaka nyumba. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuyafanya yawe kweli. Akamgeukia.

"Baba Se-rin. Waambie."

Sang-tae aliitazama picha ya baba yake, kisha akaitazama glasi.

"Mama Se-rin," akasema, "ongeza supu."

Alikwenda akaongeza supu. Mi-ryeong alimfuata jikoni, akamwekea mkono begani na kusema polepole, kwa wema kabisa:

"Wifi, nakuelewa. Miaka tisa si mchezo. Lakini ungesema tu kwamba unaitaka nyumba. Kuliko kumwaibisha kaka mbele ya picha ya baba."

Mal-sun alijaza bakuli, figili mbili, vipande vitatu vya nyama, akampa alipeleke.

Ndugu watatu walisaini kuiuza nyumba kabla ya wageni kurudi kwao. Nyumba ilinunuliwa na mtu aliyetaka kuibomoa ajenge vyumba vya wanafunzi. Fungu la Sang-tae lililipa madeni ya duka la vifaa na ya wauza lami, na kilichosalia kilitosha amana ya kupanga vyumba viwili ghorofani, upande wa pili wa mji. Siku moja tu alijaribu kuongea. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Ungekuwa wewe ungesemaje? Wameshanicheka kabla sijafungua mdomo."

Mal-sun alikuwa anafunga vyungu kwa magazeti. Akachukua chungu kingine.

Siku ya kuhama, gari la mizigo lilichukua kabati, friji na kitanda cha mzee ambacho hakuna aliyejua kwa nini wanakibeba. Wapakizi walikataa mtungi mmoja, ule wa soya ya kuvundika aliyoianzisha mama mkwe wake kabla hajafa, kwa sababu mfuniko wake ulikuwa umevunjika kipande. Ukimwagika, walisema, harufu haitoki mwaka mzima.

Mal-sun akaukumbatia mtungi, akatoka nao getini, akafungua mlango wa nyuma wa gari jeusi na kuuweka juu ya ngozi nyeupe. Kisha akaingia akaketi kando yake.

Sang-tae alikuwa ameshashika usukani. Akamtazama kwenye kioo.

"Mama Se-rin. Weka japo gazeti."

"La nini?"

"Unajua la nini. Bado miezi saba. Watatutoza."

"Nani atutoze?" Mal-sun akasema. "Si ulilinunua? Taslimu?"

Alisubiri kidogo, kama alivyosubiri ile jioni. Sang-tae akawasha gari. Jirani mmoja alitoka kuwapungia mkono, akalitazama gari kwa macho ya kutamani, naye Sang-tae akashusha kioo akampungia.

Kwenye kona ya duka la dawa barabara ina shimo. Mtungi uliyumba, ukaegemea mlango, na kitu cheusi kikaanza kushuka taratibu kutoka pale mfuniko ulipovunjika. Mal-sun alikiona. Mikono yake ilibaki mapajani.