Nguzo Nilizozibomoa

Mto ulipoichukua nyumba yangu ya udongo kule Kulesa, niliapa kujenga ya mawe kwenye mwinuko karibu na Garsen, na kuisimamia mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewapikia mafundi na kuwabebea kokoto. Ujenzi niliujua kwa mgongo wangu.

Karani wa vibali aliipitia fomu yangu, kidole kikakwama.

"Mama, hapa huandikwa mkandarasi."

"Nimemwandika. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako."

"Tafuta mwanamume akusimamie."

"Nionyeshe palipoandikwa mwanamume."

Alipekua, akakosa. Akaingia chumba cha ndani, akarudi na karatasi nyingine: mwenye nyumba anayejijengea atie sahihi kwamba kosa lolote ni lake, na kwamba hatafunika msingi wala nguzo kabla mkaguzi hajaona. Nilitia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Msingi ulipita. Tulipofikia nguzo nne za baraza, mkaguzi alichelewa siku mbili. Fundi niliyemwajiri akanisihi tumimine simiti isije ikaharibika, nami nikakubali.

Mkaguzi alipokuja, aligonga nguzo moja kwa kiganja. "Nitajuaje kilichomo ndani?"

Nikamwambia fundi achimbue kidogo. Zile ringi za kufunga vyuma zilikuwapo juu na chini. Katikati hamna hata moja.

"Zitashika tu, mama," fundi akasema. "Kila mtu hujenga hivi."

Uso uliniwaka. Nilimwona yule karani akicheka, ingawa hakuwapo.

"Bomoa zote."

"Sibomoi kazi yangu."

"Basi lete nyundo."

Niliipiga nguzo ya kwanza mpaka viganja vikachubuka. Nilipoanza ya pili, fundi aliyekuwa amekaa kivulini akainuka, akashika nyundo nyingine. Kufikia alasiri zilikuwa kifusi.

Alifunga ringi upya, mimi nikipima kila nafasi kwa shubiri. Safari hii mkaguzi alichelewa siku nne. Fundi alilalamika. Nilikaa juu ya mawe yangu, nikangoja hadi mkaguzi akaja, akainama, akaona, akatia sahihi.

Majuzi mama mmoja wa Wenje alikuja kuniuliza afanyeje ili ajijengee. Nilimwambia aende ofisini asimame wima, wala asiondoke bila karatasi. Na mkaguzi akichelewa, amsubiri.